Mita Mia Mbili

Saa tisa kasoro kumi, Machi, uwanja wa ndege Malindi:
mimi, daftari la zamu, chai ya tangawizi iliyopoa.
Ukutani bado ipo orodha ya Bwana Ngowa, aliyestaafu,
kwa kalamu ya risasi, herufi za kubanana:
mnara wa simu, kilomita sita;
tangi la maji, tatu na nusu;
mkilifi wa kina Kabibi, elfu moja na mia mbili;
uzio, mia nne; kifuko cha upepo, mia mbili.
Mkilifi ulishakatwa, wakachomea matofali.
Nami naupima vivyo hivyo, pale ulipokuwa.
Kazi yetu ni hiyo. Huulizwi unaona nini,
unaulizwa unakoma wapi.

Upande wa bara, juu ya Langobaya,
wingu limesimama tangu adhuhuri,
kichwa bapa kama fuawe, tumbo jeusi.
Chini yake mvua imening'inia kama pazia fupi kwa dirisha refu.
Haifiki. Naitazama kwa darubini: haifiki.
Hewa ya chini ina kiu, inayanywa matone yangali njiani,
na kila tone linalonywewa huondoka na joto lake,
na hewa iliyopoa ni nzito,
na kizito hakina pa kwenda ila chini.

Inaanguka. Hakuna aionaye ikianguka.
Mwaga ndoo kwenye sakafu ya saruji:
tazama maji yanavyokimbilia pembeni
yakisukuma mbele makombo, magamba ya samaki, sisimizi.
Ndivyo.
Ila sakafu yetu ni Kakoneni mpaka Jilore,
haijanyeshewa tangu Desemba,
na wiki iliyopita watu wote wamelima,
wameulegeza udongo, wameuponda, wameulainisha
usubiri mbegu.

Kifuko cha upepo, kilichoelekea bara asubuhi nzima,
kikalegea kama soksi kambani.
Kikageuka.
Kipimajoto: thelathini na nne.
Nikanywa funda moja. Ishirini na sita.
Ikaja harufu ya mvua bila mvua,
ubaridi wa mlango wa friji la buchani,
halafu ukuta, rangi ya samadi kavu,
mrefu kuliko jambo lolote lililomo kwenye orodha.

Mnara ukaenda. Tangi likaenda.
Mkilifi usiokuwepo nao ukaenda,
naapa niliuona ukienda.

Simu ya ndani. Mbwarali, kutoka mnarani:
"Nina ndege dakika nane nje, watu thelathini na saba.
Nipe mwonekano."
"Mita mia nne," nikasema,
na uzio ukanitoroka neno likiwa bado mdomoni.
"Mia mbili. Mbwarali, sema mia mbili."
Nikamsikia akihama lugha, akiongea na rubani,
sauti yake kavu kama ya mtu anayetaja bei,
na rubani akajibu kwamba atazunguka juu ya bahari
mpaka tupate macho.
Mimi nilishikilia kile kifuko kwa kukikazia tu,
kitambaa cha rangi ya chungwa, kipo, hakipo, kipo.
Kingezimika, ningeandika nini? Mkono wangu?

Dakika ishirini na mbili.
Kisha matone mawili kwenye kioo, mapana kama shilingi,
ya tope.
Hayo tu.

Ndege ilipotua nilitoka kusoma kipimo cha mvua.
Safu ya mvua: sifuri.
Chini ya mtungi, kijiko kizima cha vumbi;
hilo halina safu.

Mama akapiga simu kutoka Kakoneni.
"Huko imenyesha?"
"Haikunyesha."
"Hata huku. Upepo umetuchambua, mwanangu.
Ule udongo wa juu, niliotia samadi ya mbuzi, umekwenda wote.
Sijui umekwenda wapi."

Nikatazama daftari, kikombe, mikono yangu.
Sikumwambia.
Nikaukusanya kwa ukingo wa kadi ya zamu,
nikautia kwenye kopo la majani ya chai,
nikaandika saa kumi kamili:
mwonekano, kilomita sita.